Muulize Sista: Nadhiri kaweka mwanangu, ufukara naishi mimi

Tumsifu Yesu Kristu wapendwa. Barua za mwezi huu nimezisomea jikoni, kuna mbili zina alama ya mafuta ya alizeti, mnisamehe, zamu ya kupika ilikuwa yangu wiki nzima na kukaa nilikuwa nakaa pale tu nasubiri maharage yaive. Majina na vijiji nimetoa kama kawaida yetu. Dodoma imekuwa jiji lakini umbea wake bado ni wa kijijini.

SWALI: Sista, mimi ni mama mjane huku wilaya ya Bahi. Nina watoto 5, wa kwanza ni sista, kaweka nadhiri za daima miaka 4 iliyopita na ni nesi. Kumsomesha tuliuza ng'ombe 7, baba yake akiwa bado hai. Wenzake aliosoma nao wamewajengea wazazi wao nyumba za bati, mimi niko kwenye tembe ile ile na akija likizo ananiletea rozari. Sasa nina presha, dawa nanunua mwenyewe. Nikimuomba hela ananyamaza kwenye simu mpaka nadhani mtandao umekata. Kaka yangu kaniambia nadhiri ya ufukara kaweka yeye ila anayeuishi ni wewe. Je nakosea kulalamika?

JIBU: Shikamoo mama. Hukosei. Na huyo mjomba wa sista namwogopa maana kasema kitu ambacho masista wengi tunakijua na hatupendi kukisikia.

Nianze na ng'ombe, maana wewe umeanza nao. Baba yangu mzazi nilipomwambia nataka kwenda utawani hakuuliza habari za Mungu wala wito, aliuliza "na ng'ombe?" basi, akanyanyuka akaenda zake zizini. Kwa Mgogo binti ni mahari, na mahari ya dada ndo inamuoza kaka, kwahiyo mi kuondoka nilikuwa nimevuruga hesabu ya watu wawili watatu pale nyumbani na hakuna padri aliyekuja kumwelezea hilo. Hakuongea na mimi miaka mitatu. Siku ya nadhiri zangu za daima tuliambiwa haji, tukaanza maandamano bila yeye, tumefika mlango wa kanisa namwona kasimama na baiskeli, nyuma kafunga mbuzi mzima kwenye keria analia kuliko kwaya. Akamwachia mtoto mbuzi akanishika kidole hiki kidogo cha mwisho, akanipeleka mpaka altareni kama mtu anayemvusha mtoto barabara. Sijui kama alikubali au alichoka. Sikuwahi kumuuliza.

Sasa hela. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 668, inasema anachopata mtawa kwa kazi yake ni cha shirika, na mshahara na pensheni navyo ni hivo hivo. Maana yake mwanao akilipwa hela inaenda akaunti ya shirika, na humo ndo unatoka unga, luku, ada za masista wanaosoma, dawa za masista wazee ambao hawana mtoto wa kuwapigia simu. Yeye anabaki kuomba. Mi nina miaka 27 humu ndani na leo nikitaka kwenda Majengo sokoni naomba nauli kwa mhazini, nikirudi natoa chenji na karatasi niliyoandika nimenunua nini. Kwahiyo mama, ule ukimya kwenye simu usidhani ni kiburi. Hana. Na aibu ya kumwambia mama aliyeuza ng'ombe 7 kwamba mimi nesi mzima sina elfu kumi, hiyo aibu ni kubwa bora ajifanye mtandao umekata.

Lakini hapo sijamaliza, na hapa masista wenzangu watanichukia kidogo. Kukosa hela ya kwako mfukoni hakumaanishi mama yako asijulikane kama yupo. Mashirika yanatofautiana, yapo yenye utaratibu wa kusaidia wazazi wanaougua, yapo ambayo mkuu akiambiwa analitazama jambo lenyewe, yapo ambayo kwakweli yanajua sana kumpokea binti na hayajui njia ya kwao, hata mzazi akifa wanakuja watu wawili na salamu za rambirambi wanaondoka kabla ya chakula. Hilo la mwisho ni baya na nimelisema kwenye mikutano yetu wakaniambia nikae.

Sasa fanya hivi mama. Usimwombe tena kwa simu ya haraka haraka. Akija likizo mkalishe, mtoe zile karatasi za kliniki, mwonyeshe presha ilivyo na dawa ni kiasi gani kwa mwezi, afu mwambie hivi vitu nataka mkuu wako avijue, wewe utamwambia au nimwandikie mimi? Barua ya mzazi kwa mkuu wa shirika sio dhambi wala sio kumchongea mtoto. Pia kama kaajiriwa serikalini na anakatwa bima ya afya, aulize ofisini kwao kama anaweza kukuandikisha mzazi wake kuwa mtegemezi, wapo masista walishafanya hivo kwa mama zao na dawa zikawa sio mzigo tena. Anaweza akawa hajui, au anajua na anaogopa kuulizia kwa sababu anadhani kumtaja mama ni kukosa ufukara.

Na kitu kimoja nakuomba, usimwambie "tuma kimya kimya wasijue". Nakwambia kwa sababu nilishafanya. Mwaka wangu wa tano baada ya nadhiri za kwanza nilikuwa nafundisha chekechea, mzazi mmoja siku ya kufunga shule akanipa bahasha ina elfu 20, zawadi yako Sista, na mdogo wangu wa mwisho alikuwa karudishwa ada. Sikumwambia mtu, niliituma. Wiki mbili nzima asubuhi kwenye masifu midomo inasoma zaburi, kichwa kiko kwenye bahasha, nikisikia mtu anaita jina langu koridoni moyo unaruka kama mwizi wa kuku. Nikaenda mwenyewe kwa mkubwa wa nyumba. Nilitegemea anigombeze kuhusu hela, akaniuliza kwanini hukusema nyumbani kuna ada? Nikamwambia niliogopa. Akanyamaza sana afu akasema basi tuna shida kubwa kuliko hiyo elfu 20. Ada ya muhula uliofuata ilitoka nyumbani pale, wazi, na mdogo wangu anajua ilitoka wapi.

Mwisho mama, umesema una watoto 5. Barua nzima umeandika habari za mmoja. Hao wanne, na sitashangaa kama kuna wa kiume yupo Dar ana pikipiki mbili, wao presha yako wanaiona?

SWALI: Sisi ni wanafunzi wa kidato cha pili, tumebishana bwenini. Ni kweli masista mnanyoa vipara? Na mnaamka saa ngapi na mnakula nini?

JIBU: Vipara hapana, tunapunguza, jaribuni nyie kukaa na nywele ndefu chini ya shela mwezi wa kumi hapa Dodoma tuone. Kengele kwetu ni saa 10 na nusu alfajiri, tafakari, masifu ya asubuhi, misa, afu kila mtu na kazi yake. Tunakula ugali kama nyie, mlenda sana, wa kiangazi ule mkavu wa kusaga, na sikukuu pilau. Mwenzenu aliyesema tunakula kuku kila siku amelipwa na nani?

SWALI: Sista, mimi ni katekista wa kigango upande wa Kongwa. Parokia yetu inachukua hostia, ile mikate ya komunyo, kwa masista na tunalipia. Kwenye mkutano wa jumuiya mzee mmoja kasimama kauliza mwili wa Kristu unauzwaje kama andazi, watu wakacheka, mimi nikakosa jibu. Nisaidie.

JIBU: Mwalimu, huyo mzee mpe salamu zangu maana swali lake ni zuri ila kaliwahisha. Kinachouzwa ni mkate. Unakuwa mwili wa Kristu pale padri anapoweka wakfu kwenye misa, na kikishawekwa wakfu hakuna wa kukiuza, hiyo ingekuwa dhambi kubwa kweli na hakuna ubishi. Kabla ya hapo ni unga na maji. Unga tunanunua dukani, luku tunanunua, mashine ikiharibika fundi halipwi kwa baraka.

Mi nimekaa kwenye hostia miaka 6 na naona watu wengi hawajui inatengenezwaje kwahiyo wakaribishe mpaka jikoni. Sheria ni unga wa ngano mtupu na maji, mkate uwe wa karibuni usiwe na hatari ya kuharibika, iko kanuni ya 924. Hakuna chumvi, hakuna sukari, hamira ndo kabisa usiisogeze. Unakoroga uji mwepesi hivi, mwepesi kuliko wa chapati za maji, unachuja maana dongo moja tu la unga litakuachia tundu. Mashine yetu ina bamba mbili za chuma za umeme zinafungana kama kitabu, bamba la juu lina michoro ya msalaba. Unamwaga kikombe, unafunga, mvuke unapiga mluzi pembeni, unahesabu, mi nilikuwa nahesabu kwa Salamu Maria, tatu zimezidi mbili hazijatosha, ukifungua unakuta karatasi nyeupe. Nyeupe, sio kahawia. Ikiwa kahawia umechelewa.

Sasa ukiikata hapo hapo inavunjika vipande vipande kama kigae, lazima uilaze kwenye unyevu kwanza ilegee, na hapa ndo Dodoma inakuwa Dodoma. Masista wa Bukoba wenye mvua zao hawajui hii shida. Sisi kuanzia mwezi wa sita upepo ni mkavu unapasua mpaka midomo, unalaza karatasi kwenye vitambaa vilivyolowa jioni asubuhi unakuta pembeni zimeshakauka zimejikunja, unarudia. Ikilegea vizuri unakata kwa kikata cha duara, ndogo za waumini, kubwa ya padri, unachambua zilizokatika nusu, unaanika, unahesabu, unafunga. Siku umeme ukikatika bamba limefungwa na uji uko ndani basi kile kinachotoka hata bata wanakiangalia mara mbili.

Yale mabaki ya pembeni baada ya kukata, watoto wa jirani wanajua siku. Wanakuja wanasimama dirishani hawaombi, wanasimama tu na mikono nyuma. Tunawapa. Kuna mama aliniletea mtoto analia kwamba kala hostia hajapata komunyo ya kwanza atakwenda motoni, ikabidi nimwambie mama, huyu kala chapati isiyo na mafuta.

Na mzee wako akimaliza hapo atauliza divai, mwambie nayo ni hivo hivo, zabibu tupu, ya asili, isiyoharibika. Huku kwetu hilo ni jambo la karibu, hizi zabibu watu wanazoziona barabarani wameshika vikapu zinaiva misimu miwili kwa mwaka, na wanaotajwa kuanza kuzipanda ni wamisionari pale Bihawana. Mashamba ya watawa yapo mpaka leo, na kama umewahi kupogoa zabibu eka nzima kwenye jua la saa 7 hutauliza tena kwanini chupa ina bei.

SWALI: Sista mpendwa, ni sista kijana nadhiri za muda mwaka wa pili. Kwenye nyumba yetu tuko watano. Kuna dada mkubwa anashika funguo ya stoo, nikihitaji sukari ya wageni ananiuliza ya nini, wageni gani, mbona juzi. Akisikia nimecheka anasema wakati wetu manovisi, walio kwenye malezi kabla ya nadhiri, walikuwa hawacheki. Nimefikia hatua nikisikia ndala zake koridoni tumbo linauma. Nawaza labda sina wito.

JIBU: Mdogo wangu, hizo ndala nazijua. Kila nyumba ina ndala zake.

Watu wa nje wanadhani kigumu kwetu ni kukosa mume, wanatuonea huruma kwa hilo. Mume gani, ukiwa umeamka 10 na nusu umefua umefundisha watoto 40 umerudi umemwagilia bustani, saa 3 usiku unachotaka ni godoro. Kigumu ni hawa wanne ambao hukuwachagua. Mmoja anakunywa chai kwa sauti, mmoja anaimba zaburi mbele ya wenzake nusu mstari, mmoja ana funguo. Na kesho wapo, na keshokutwa. Ukigombana na mfanyakazi mwenzio jioni unakwenda kwenu, sisi jioni tunakaa meza moja na tunapeana chumvi.

Kwahiyo kuumia tumbo sio dalili kwamba huna wito, ni dalili unaishi na watu. Ila sitaki uvumilie tu kimya uite msalaba, masista tuna ugonjwa huo, kila uonevu tunauvisha jina takatifu. Mwambie. Sio mezani mbele ya wengine, na sio siku ile ile umekasirika. Nenda akiwa stoo, msaidie kupanga magunia, afu umwambie dada, ukiniuliza vile mbele ya wageni najisikia mwizi. Maneno hayo tu. Mara nyingi anayeshika funguo kwa nguvu hivo ni mtu aliyewahi kuulizwa kilo 2 za sukari zimekwenda wapi akakosa jibu, hilo nakwambia kwa sababu mimi ndo nilikuwa na funguo miaka 4 na kuna sista kijana alihama nyumba, na baadaye sana nikaja kuambiwa alihama kwa sababu yangu. Nilimwandikia. Alinijibu kwa kadi ya Krismasi, imeandikwa Krismasi njema na jina lake.

Asipobadilika, peleka kwa mkubwa wa nyumba. Na maamuzi ya wito usiyafanye kwa sababu ya sukari, nadhiri za muda kanisa limeziweka zisipungue miaka 3 wala zisizidi 6, na zinaweza kusogezwa mpaka 9, ni makusudi kabisa, ili uwe umeshaziona ndala za kila aina kabla hujasema daima.

SWALI: Mimi ni kijana wa bodaboda, naegesha jirani na nyumba ya masista hapa mjini. Kuna sista namuelewa sana na nahisi na yeye ananielewa, huwa anacheka nikimwambia utani. Nifanyeje?

JIBU: Kaka yangu, kucheka utani wa boda sio mkataba. Kama kaweka nadhiri za daima ndoa yake na wewe haiwezi kuwa ndoa kanisani mpaka afunguliwe nadhiri, na hilo ni jambo lake na Kanisa, halianzi na wewe. Kama bado ni za muda, zikiisha ataamua mwenyewe kubaki au kuondoka. Ukimpenda kweli mwache aamue bila simu ya saa 4 usiku. Na nauli mtoze bei ya watu wote, hizo lifti za bure ndo mwanzo wa maneno pale kijiweni.

SWALI: Nina miaka 22. Nilikaa kwenye malezi mwaka na nusu nikiwa postulanti, hatua ya mwanzo kabla ya unovisi, nikaanguka kifafa mara mbili wakanirudisha nyumbani. Waliongea na mimi vizuri lakini nilivyofika na begi kijijini watu walitoka nje kuangalia. Mama anasema labda Mungu kanikataa. Sina swali sana Sista, nilitaka tu nimwandikie mtu.

JIBU: Mwanangu, barua yako ndo ina mafuta mengi kuliko zote kwa sababu niliisoma nikaiweka nikaisoma tena.

Hapa Dodoma kuna masista wa Mtakatifu Gemma Galgani, bila shaka umewaona. Jina hilo lilifika huku na watawa wa shirika la Wapasionisti wa Kiitaliano waliokuja kufanya umisionari miaka ya 1930, ndo maana hata kanisa kuu la mjini ni la Paulo wa Msalaba, mwanzilishi wao. Sasa huyo Gemma, nadhani hujaambiwa, hakuwahi kuwa sista. Alizaliwa 1878 karibu na Lucca, akawa yatima, akaugua uti wa mgongo mpaka wakakata tamaa, akapona 1899. Akataka sana kuwa mtawa wa Wapasionisti, akaomba, wakamkataa, ugonjwa ukiwa sababu mojawapo. Akaishi kwenye nyumba ya familia moja iliyomchukua, akiwasaidia kazi za ndani, akafa 1903 ana miaka 25, mlei, yaani mkristo wa kawaida asiye mtawa. Mwaka 1940 akatangazwa mtakatifu. Na leo huku Ugogoni, bara asilowahi kuliona, kuna wanawake wanaoitwa kwa jina la binti aliyefungiwa mlango wa konventi.

Sikwambii hivi ili utegemee kutangazwa. Nakwambia ili ukimsikia mtu anasema Mungu kamkataa umuulize ana maana ya mlango upi.

Na kifafa kina dawa mwanangu, nenda kliniki, meza kila siku, usimsikilize anayekuambia ni pepo hata kama kavaa msalaba shingoni. Ukikaa muda mrefu bila kuanguka, una cheti cha daktari, na bado moyo unauma ukisikia kengele, ongea na paroko wako upya. Mashirika ni mengi na hayana masharti sawa. Begi usilifungue lote wala usilifunge lote. (Kwa yule wa Chuo Kikuu cha Dodoma aliyeuliza kama anaweza kuingia utawani akiwa na deni la mkopo wa chuo, jibu lako fupi: kanuni ya 644 inakataza kumpokea mtu mwenye deni asiloweza kulipa, kwahiyo fanya kazi kwanza, wakukate, ukishaona mwisho wa deni njoo. Hiyo sio kukataliwa, ni hesabu.)

SWALI: Sista, nilikuwa mtawa miaka 11, nadhiri za daima, nikaomba kutoka na nikapewa barua ya ruhusa. Sasa ninaishi Nkuhungu nina kibanda cha kuuza kuku. Mtaani wananiita sista mtoro. Kanisani nakaa benchi la nyuma na sijajiunga na kitu. Je naruhusiwa komunyo? Naruhusiwa kuolewa? Na shirika linanidai au mimi nawadai, maana miaka yote ile nilifanya kazi?

JIBU: Dada yangu, mtoro ni aliyeondoka bila kuaga, wewe umeaga mpaka una barua. Hiyo ruhusa ukishaipokea na hukuikataa, nadhiri na wajibu wake wote vimeondoka, kwahiyo komunyo ndiyo, unapokea kama mkristo mwingine yeyote, na kuolewa ndiyo, ukipata mtu na ukimtaka. Ile barua itunze mahali pakavu, siku ukienda kuandikisha ndoa paroko ataiulizia.

Kuhusu kudaiana, kanuni ya 702 inasema anayetoka hawezi kudai malipo kwa kazi alizofanya akiwa shirikani, ila hapo hapo inawaambia wakuu wazingatie haki na upendo wa kiinjili kwa anayeondoka. Hiyo sentensi ya pili kuna mahali inasomwa na kuna mahali inarukwa. Nimewahi kumwona dada aliyetoka na mtaji mdogo wa kuanzia na cherehani, na nimemwona aliyepewa nauli ya basi tu, ana miaka 38 hajawahi kulipa kodi ya nyumba maishani. Kama ulitoka mikono mitupu, mwandikie mkuu wa shirika, kwa adabu, utaje hiyo kanuni, useme unachohitaji. Usiseme unadai. Sema unahitaji.

Mimi nilikuwa na mwenzangu wa darasa moja la unovisi, tulilala vitanda jirani, akatoka mwaka wetu wa 9. Mwanzoni tulikuwa tukikutana sokoni tunasalimiana kama watu wenye haraka. Sasa hivi mkesha wa Krismasi anakuja na trei za mayai, anapita mlango wa jikoni bila kubisha kwa sababu bado anajua kitasa kinavyobanwa, anakaa anamenya vitunguu anatuambia habari za watoto wake. Yule mwenye ndala wa nyumba yetu ndo anampenda kuliko sisi wote.

Benchi la nyuma toka. WAWATA, umoja wa wanawake wakatoliki, wa parokia yenu wanakutana Jumapili baada ya misa ya pili, nenda. Watakuangalia wiki tatu, ya nne watakupa sufuria ukaoshe, na hapo jua umeingia. Kitenge cha sare ulizia kwa mhazini wao, na nenda mapema, saizi kubwa huwa zinaisha.